Gia ya Tatu

Usukani niliununua Luthuli, mtumba,
ngozi yake imechunika pale viganja vya mwenyewe wa kwanza
vilipokuwa vikitoka jasho.
Nimeubana kwa vibano vya seremala
kwenye meza ya cherehani ya mama,
na pedali, kwa kuwa zinapenda kutoroka,
nimeziwekea mtungi wa gesi nyuma.
Hiyo ndiyo gereji yangu:
Donholm, ghorofa ya nne, mlango wa bluu.

Gari ni Pijo, mia nne na nne,
ya mwaka ambao mama alikuwa bado hajang'oka meno ya utoto.
Halina kompyuta. Halisamehe.
Breki zake ni ombi, si amri:
unaziomba mapema, kona ikiwa bado mbali,
ukichelewa utahesabu majani ya shamba la watu.

Kila Jumatano saa tatu usiku
tunajipanga, magari ishirini na manne:
Mfini, Mbrazili, dada mmoja wa Osaka asiyesema neno,
na mimi Moraa, mchana karani wa bima,
leseni sina. Gari la kweli nimeliendesha mara moja,
uwanja wa kanisa, nikagonga tangi la maji.

Nikikanyaga breki, sakafu inalia.
Sakafu yangu ni dari ya mtu.
Ngo, ngo, ngo, mpini wa ufagio kutoka chini.
Mbio mbili za kwanza nilijitia uziwi.
Ya tatu akapanda mwenyewe,
fundi Kyengo, kandambili na fulana ya ndani,
mdomo umejaa maneno aliyoyapanga ngazi kwa ngazi.

Hakuyasema.
Spika zilikuwa wazi, injini inapanda mlima.
Akainamisha kichwa upande wa sikio zima,
lile ambalo miaka thelathini ya Barabara ya Kirinyaga
ilimwachia,
akauliza, "Nani kaleta Pijo humu ndani?"

Kiti akakataa, chai akakataa.
"Wewe unabadilisha gia
kama mtu anayefungua soda kwa meno.
Ngoja injini ikuite. Inaita. Huisikii?"
Sikuisikia.

Fainali. Niko wa tano, mizunguko sita imebaki,
mbele yangu Mfini anateleza kona kwa adabu,
nyuma yangu Mbrazili, adabu hana,
na pale ukutani mita ya stima
imeanza kupepesa jicho jekundu.
Simu iko kitandani. Mikono ni miwili, yote ina kazi.
Nikaipigia sakafu ukelele:
"Fundi! Tokeni!"

Alikuja na miwani imekaa upande.
Akanunua za mia mbili kwa simu yake,
akasimama kitini, akabonyeza tarakimu ishirini
akiziita moja moja kama mwalimu aitaye majina,
na mimi nachonga kona, saba, nne, nne, sifuri,
narudisha gia, tisa, mbili,
mpaka akafika mwisho, mita ikamkatalia.
"Pole. Ile ya tano ilikuwa moja, si saba."
Akaanza upya. Hakuharakisha.

Taa haikuzimika.
Ila niligeuza shingo, nikaangalia mita,
kupepesa kope tu,
na Mbrazili akapita ndani kama mgeni asiyebisha hodi.
Nikamaliza wa sita. Wa sita!
Nilipiga meza ya cherehani, mtoto wa meza akafunguka,
vifungo vya mama vikamwagika.
Tukaviokota wote wawili, tumepiga magoti,
naye akauliza, bila kuniangalia,
kama gari hilo linatoa harufu ya petroli.
Nikasema hapana.
"Basi hapo," akasema, "wamekuibia."

Msimu mpya ulianza Jumatano iliyopita.
Hakupanda. Magoti, anasema, na ngazi ni nyingi.
Lakini mlimani, baada ya daraja,
nimeshika ya pili, injini inapaa,
mkono umeshaanza haraka yake ya zamani,
nikauzuia,
nikauzuia tena kidogo,
na kutoka chini ya miguu yangu ikaja
ngo,
moja tu.

Nikaweka ya tatu.